Sura ya Tisa: Msingizie Marehemu

Dada wa mchumba wangu alileta chai kwenye trei. Vikombe vitatu vilikuwa vya udongo, vyenye maua ya buluu, na cha nne kilikuwa cha plastiki, vile vya kutumia na kutupa. Vya udongo vilikwenda kwa mumewe, kwa mdogo wake na kwake mwenyewe. Cha plastiki alikisogeza mbele yangu kwa ncha za vidole.

"Karibu chai, wifi."

"Ahsante, dada."

Hapo nikajua habari zimefika.

Sikushangaa sana. Mwanamume niliyekuwa nikijiandaa kuolewa naye hajawahi kuwa na siri kwa dada yake. Mama yao aliwaacha mdogo akiwa bado hajaanza shule, na dada ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamchapa alipostahili. Sasa dada ni mwalimu mkuu na mdogo wake ni fundi bomba ambaye mji mzima unamwita Koki, lakini akiingia sebuleni kwa dada yake bado hukaa mikono magotini, kama anasubiri kuitwa ubaoni. Siku ile alikaa hivyo hivyo. Hakunitazama.

Chai ilikuwa ya moto, na kikombe kikaanza kulegea. Nikakizungushia leso, nikanywa. Mapazia ya sebule ile niliyashona mimi, maana hiyo ndiyo kazi yangu, na niliona kwamba ndoano moja imechomoka na pazia limelala upande. Kwa kawaida ningeinuka nikairudisha. Siku ile niliiacha.

Habari zenyewe zilianza hivi.

Koki alikuja dukani kwangu akitembea ametanua miguu.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Mgongo."

"Mgongo gani unaomfanya mtu atembee kama bata?"

Nikazima cherehani, nikafunga mlango, nikamwambia mimi si mteja, aseme. Akaielezea cherehani, si mimi.

"Kuna vinyama vimeota huku chini. Vidogovidogo. Vingine vimeungana."

"Tangu lini?"

"Kitambo kidogo. Nilidhani sugu."

"Sugu? Huko? Kwani huko unakutembelea?"

"Nikapaka ile dawa ya sugu za miguu," akasema.

Nilicheka mpaka nikakalia kitambaa cha mteja. Kisha nikauona uso wake, nikaacha. Alikuwa amejiunguza vibaya, na alikuwa na hofu, na alikuwa amebeba hofu hiyo peke yake siku zote hizo akiogopa kuniambia. Nilimpenda sana wakati ule, na sioni haya kulisema.

Tulikwenda kliniki pamoja. Daktari alikuwa na mafua makali. Alizungumza kwa pua iliyoziba, mkononi ana kitambaa, na hakuna hata kimoja kilichomshtua. Koki alipojivutavuta kuvua suruali, daktari alimwambia, "Mficha uchi hazai, bwana. Vua." Akatazama, akanawa mikono, akakaa.

"Kidonda ni cha hiyo dawa yako. Usirudie tena kupaka dawa ya miguu sehemu hizo. Vinyama vyenyewe ni masundosundo. Vinaletwa na kirusi, kinaitwa HPV."

"Nimekipata choo gani?" Koki akauliza haraka.

"Wanaume wote wanapenda choo," daktari akasema, akapenga kamasi. "Si chooni. Wala si kwenye kikombe, wala bwawa la kuogelea. Ni ngozi kwa ngozi, watu wanapokutana kimwili. Hata kusuguana tu kunatosha."

"Lakini sisi tulitumia kondomu."

"Mlifanya vizuri, endeleeni. Inapunguza hatari. Ila kondomu haifuniki ngozi yote ya huko, nacho kinaweza kukaa pale isipofika."

Nami nilipimwa, nyuma ya pazia lililopungua shubiri nzima kufika chini. Aliyelishona anapaswa kuona aibu. Sikukutwa na kinyama hata kimoja.

"Kwa hiyo yeye hana," Koki akasema.

"Sijasema hana. Nimesema sioni. Mtu anaweza kuwa nacho miezi, hata miaka, bila dalili yoyote, na bado akamwambukiza mwenzake. Wengi mwili hukiondoa wenyewe, wala hawajui kama kiliwahi kupita. Karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mwenza hukipata wakati fulani, aina moja au nyingine."

"Sasa hiki kimetoka wapi?"

"Hilo halina kipimo."

"Yaani hata wewe daktari hujui?"

"Sijui. Na atakayekwambia anajua, anakudanganya."

Akaeleza yaliyobaki huku akiandika. Kidonda kikipona vinyama vitagandishwa kwa baridi, na Koki atarudi mara kadhaa. Dawa inaondoa vinyama, haifukuzi kirusi. Hicho hutulia kwa wakati wake, na vinyama vinaweza kuota tena, kwa hiyo tusije tukagombana vikirudi. Si saratani. Aina zinazootesha vinyama hivi kwa kawaida si zile zinazoleta saratani ya shingo ya kizazi, lakini mimi nipimwe shingo ya kizazi hata hivyo, kama inavyompasa kila mwanamke. Sote tupimwe na maradhi mengine ya zinaa tukiwa pale pale. Na hadi vinyama viishe, tulale mzungu wa nne.

"Mzungu wa nne?" Koki akanong'ona.

"Kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule," daktari akasema. "Babu zako walikuwa wanajua."

Kabla hatujatoka alimuuliza kila mmoja wetu alikuwa na wenza wangapi kabla hatujakutana. Nikasema mmoja, marehemu mume wangu. Koki akasema mmoja, binti aliyemchumbia zamani, akahamia mbali. Daktari akaandika, akapiga chafya, akamwita mgonjwa mwingine.

Mimi kwangu ingeishia hapo. Lakini nilikuwa nimempenda fundi wa kutafuta uvujaji. Kazi yake ni kufunga valvu moja moja, kusikiliza ukuta, kugonga kigae, mpaka ajue maji yanatokea wapi. Hawezi kulala nyumba yenye doa ambalo hajui asili yake. Basi akaanza kunifungia valvu mimi.

"Marehemu aliwahi kulalamika kuwashwa?"

"Hapana."

"Alikuwa anasafiri?"

"Alikuwa mkutubi, Koki. Asafiri aende wapi, rafu ya juu?"

"Huko maktaba kulikuwa na wanawake?"

"Kulikuwa na vitabu."

"Usinitanie, Fundi," akasema; ndivyo anavyoniita, kwa ajili ya cherehani. "Nataka kujua tu."

"Si wewe uliyeniambia doa la dari haliko chini ya tundu? Kwamba maji hutembea na boriti, yakadondokea chumba kingine kabisa?"

"Ndiyo. Lakini tundu lipo."

"Lipo. Ila nyumba unayoipekua ilishabomolewa."

Akaomba radhi. Kesho yake akauliza tena. Na nilipoacha kumjibu, akaenda kumuuliza dada yake, ambaye humuuliza kila kitu tangu akiwa na kaptula. Kwa habari ile moja dada akajua mambo mawili: kwamba mdogo wake anaumwa, na kwamba hatukuisubiri harusi.

Ndivyo nilivyofikia kwenye kikombe cha plastiki.

"Hilo la kutosubiri tutalizungumza siku nyingine," dada alianza, akiweka kijiko chake kwenye kisosi bila kelele. "Leo tuzungumze hili. Kadi zimeshasambazwa. Ukumbi umeshalipiwa. Na maneno yameshaanza."

"Maneno gani?" Koki akauliza.

"Shangazi anasema harusi isimame."

"Shangazi amejuaje?"

"Nilitaka ushauri wake."

"Dada!"

"Nilimwambia asimwambie mtu."

Mumewe akakohoa. Ni mzee mpole ambaye kikao kizima hukohoa mara mbili au tatu, na mkewe hujua kila kikohozi kina maana gani. Kile hakukijali.

"Wifi," dada akanigeukia, na sauti yake, kusema haki, haikuwa ya ukatili. "Mdogo wangu amenieleza alichosema daktari. Mtu anaweza kuwa nacho miaka na kisionekane. Wewe huna kinachoonekana. Na hapa kati yenu aliyewahi kuwa na ndoa ni wewe."

"Aliyeota vinyama ni yeye."

"Anayeota si lazima awe ndiye aliyepanda."

"Ni kweli," nikasema. "Na daktari alisema vile vile kwamba hakiambukizwi kwa kikombe."

Macho yake yakaenda kwenye plastiki, yakarudi. Akajirekebisha kwenye kiti.

"Mimi sikulaumu. Nataka unielewe hapo. Mwanamke huletewa, hajiletei. Kwa hiyo nimefikiri, na nimeona njia. Sema ni marehemu."

"Niseme nini?"

"Useme ni yeye aliyekuachia. Hapa hapa, mbele yetu, mara moja tu. Shangazi nitamweleza mimi, na wengine wakiuliza nina jibu. Ukisema hivyo unakuwa mtu wa kuonewa huruma. Usiposema, utakuwa mtu wa kuulizwa mpaka unazeeka. Sisi tuko tayari kukupokea. Mimi mwenyewe nitakuvisha shela siku hiyo, na atakayenyanyua mdomo atanijua."

Na angefanya. Huyo si mwanamke wa kuahidi bure. Alikuwa ananipa nyumba, ndugu, na mtu niliyempenda, vyote kwa sentensi moja juu ya mtu ambaye hayupo. Nimekaa miaka minne nikila peke yangu kwenye meza ya kukatia vitambaa. Sitajifanya kwamba sikuifikiria ile sentensi. Niliifikiria, tena niliipanga maneno yake yote mdomoni.

"Sina hakika kama ni yeye, dada."

"Nani anataka hakika? Maiti haulizwi sanda."

"Sanda yake niliikata mimi, kwa mkasi wangu."

Hapo ndipo Koki alipoinua uso kwa mara ya kwanza, na nilidhani sasa atanisaidia.

"Fundi," akasema taratibu, "sema tu. Ni neno moja. Yeye halimdhuru, na sisi tunaendelea na maisha yetu."

Wakati mwingine mtu huumia mpaka anapoa. Mimi nilipoa. Nilimwona vizuri kabisa: mikono yake yenye makovu ya mabomba ya moto, kola aliyoipiga pasi vibaya, na lile jicho la kubembeleza ambalo siku nyingine lingenimaliza. Nikahisi namtazama kwa mbali, kama mtu anayepita upande wa pili wa barabara.

"Niliishi naye miaka saba," nikasema. "Alikuwa na kasoro. Alikoroma, alikuwa bahili wa umeme, na hakuwahi kujua kununua nyanya. Huenda alikuwa nacho. Huenda alikipata kabla hajanijua, wala mwenyewe hakujua. Huenda hakuwahi kuwa nacho kabisa. Mimi sijui, na daktari hajui. Nikisema ni yeye, nitakuwa nimemuuza mume mmoja ili nipate mwingine."

"Si kumuuza," dada akasema. "Ni kuyamaliza."

"Na wewe, Koki, siku ukitangulia wewe, mimi nikabaki na watu wananiuliza, utapenda nikumalize hivyo?"

Akarudi kutazama magoti yake.

Nikaweka kikombe chini. Kilikuwa kimekunjamana kabisa. Nikachukua mkoba, nikaikunja leso yangu, nikasimama.

"Ahsante kwa chai."

"Wifi, ukitoka kwenye mlango huo," dada akasema, na sauti ya ualimu ikampanda, "sisi tutajua jibu lako. Harusi haitakuwepo."

"Nimelisikia, dada."

Nilikuwa nimeshashika kitasa. Nilikuwa na haraka, kwa sababu sipendi kulia mbele za watu na nilijua nina muda mfupi.

"Dada," Koki akasema nyuma yangu. "Mbona mimi hujaniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Hilo unalomuuliza yeye."

"Wewe mwanamume."

"Ndiyo sababu?"

"Wewe ndiye unayeumwa! Muumwa haulizwi, anatibiwa."

"Niulize."

"Sikuulizi upuuzi mbele ya shemeji yako."

"Basi nitasema bila kuulizwa." Nikasikia kiti kikisukumwa. Alikuwa amesimama, na siku zote nilizowajua sijawahi kumwona akisimama dada yake akiwa amekaa. "Kuna yule niliyemchumbia, unamjua. Na kuna mwingine, humjui. Nilimpata kwenye ile kazi ya hoteli, nilipokaa kule miezi. Tulikaa pamoja kama mke na mume. Hatukutumia kitu chochote, wala sikuwahi kupimwa. Huyo sikukwambia wewe."

Akashika mgongo wa kiti.

"Na Fundi sikumwambia. Hata daktari sikumwambia. Siku zote nilizokuwa nampekua yeye na marehemu wake, nilikuwa namjua huyo mwanamke, na nilikuwa naomba tundu lionekane upande wa pili. Kwa sababu lisipokuwa kwao, linaweza kuwa kwangu."

Nikaachia kitasa, nikageuka.

"Uliniambia mmoja," nikasema.

"Ndiyo."

"Mbele ya daktari."

"Ndiyo."

"Ukaniuliza kama maktaba kulikuwa na wanawake."

"Ndiyo," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini hakuyaficha wala hakuyatumia. "Unaweza kuondoka, sitakuzuia. Ila usiondoke kama mtu aliyeshitakiwa. Huenda ni mimi niliyekiweka kwako. Hakuna atakayejua. Lakini aliyestahili kuulizwa kwanza nilikuwa mimi, na nyumba nzima hii hakuna aliyeniuliza."

Mume wa dada akakohoa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kikohozi kikafuatwa na maneno.

"Nyani haoni kundule," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Dada alimkata jicho. Halafu akatutazama mimi na mdogo wake kwa zamu, na nikaona jinsi anavyohangaika na uso wa yule mtoto aliyemlea, akiutafutia mahali pa kuuweka na mwanamke wa hotelini pembeni yake. Nilimwonea huruma. Si jambo rahisi kugundua kwamba mtoto uliyemsomesha alifaulu kukudanganya.

"Huyo mwanamke," akaanza, "alikuwa nani? Ukoo gani? Nani alimtuma akuharibie..."

"Dada," nikamkatiza. "Naye usimsingizie."

Akafunga mdomo.

Hasira ilikuwa imenipanda mpaka masikioni. Hasira juu ya yule mwanamke haikuwa kubwa. Kila mtu ana jana yake. Ilikuwa hasira ya zile jioni za maswali, za mimi kumtetea marehemu hali anayeuliza anajua analoficha. Nilitaka kumrushia mkoba. Na wakati huo huo, mzigo niliokuwa nao tangu siku ya kliniki ulipungua. Sikuwa tena mshitakiwa. Tulikuwa watu wawili wenye kirusi kisicho na cheti cha kuzaliwa.

"Lile la shangazi?" dada akauliza, safari hii kwa sauti ndogo. "Shangazi nimwambie nini?"

"Mwambie hatujui," Koki akasema.

"Hilo si jibu."

"Ndilo alilotupa daktari."

Dada akajifuta jasho la juu ya mdomo. Alionekana amechoka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba si mkubwa sana kwangu kwa umri.

"Basi niambieni kitu kimoja ninachoweza kukijua," akasema. "Wifi, harusi ipo au haipo?"

"Mimi umeniuliza maswali tangu nilipoingia," nikamjibu. "Muulize mdogo wako. Leo ndiyo kwanza ameanza kuulizwa."

Dada akasita. Nadhani katika maisha yao yote alikuwa hajawahi kumuuliza swali ambalo jibu lake hakuwa nalo tayari mkononi.

"Unamtaka?" akamuuliza.

"Namtaka," Koki akasema. Alilijibu swali la dada yake, lakini alinitazama mimi. "Kama yeye bado ananitaka, hilo sina haki ya kulisema mimi."

Wote watatu wakanigeukia. Hata mzee alishusha kikombe.

Sikuwa na jibu zuri la kuwapa. Nilikuwa na hasira naye, na niliijua hasira hiyo, ingenichukua wiki nyingi na maneno makali kadhaa kabla haijaisha. Nikaenda nikakaa kwenye kochi, karibu na aliposimama, nikamwambia hilo kwa sauti ambayo wote waliisikia.

"Bado nina hasira na wewe. Lakini sitoki."

"Najua," akasema, akakaa kando yangu, goti lake likagusa langu.